Willis Carrier, baba wa klimatizeri

Willis Carrier alizaliwa mwaka 1876 mu jimbo la New York, Marekani, mutoto wa wakulima. Hesabu za mafungu zilimushinda. Mama yake akamukatia pome vipande vipande mpaka akaelewa.

Mu 1901 akamaliza masomo ya injeniere, akaingia kazi kwa kampuni moja ya Buffalo. Mwaka 1902 wakamuletea shida ya kiwanda cha kuchapisha cha Brooklyn: wakati wa joto hewa ilijaa maji, karatasi zikavimba, rangi hazikai pa fasi yake. Carrier akapitisha hewa kwenye mabomba ya baridi. Maji yakatoka mu hewa, sawa vile chupa ya baridi inatoka jasho. Njo pale klimatizeri ilianzia: kwa kusaidia karatasi, hapana mutu.

Mu 1915 yeye na wenzake sita wakafungua kampuni yao. Mashini zikaingia mu sinema, kiisha mu miaka ya 1930 mu mugodi wa zahabu wa Robinson Deep, Johannesburg, kwenye watu walitumika chini sana na mawe yenyewe yalikuwa moto. Pale sasa ilikuwa juu ya kifua cha mutu. Carrier alikufa mu 1950.

Ukitia klimatizeri kwako, kumbuka ile kazi yake ya kwanza: inatoa maji mu hewa. Tiyo ya maji iinamie inje, mulango na madirisha vifungwe. Vikibaki wazi, unalipa kurã bure kwa kukausha hewa ya barabara.