Siku 80 Ndani ya Kibanda

Dereva wa lori aliyekaa kwenye foleni ya mpakani Tunduma siku ya tatu, ya nne, anaujua uchungu wa mtu mwenye safari asiyeweza kusogea. Juma hili tumtazame David Livingstone. Si yule wa vitabu vya shule anayekatiza mito na misitu, bali yule aliyekwama.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazi katika kiwanda cha pamba, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Aliegesha kitabu juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila apitapo.

Julai 1870, akiwa na miaka 57, alikuwa Manyema, mashariki mwa Kongo. Alikuwa akiutafuta mto Lualaba, ambao alidhani ndio mwanzo wa Nile. Watu wake wengi walikuwa wamemwacha, wakabaki Susi, Chuma na Gardner tu. Ndipo vidonda vikaanza kuila miguu yake yote miwili. Tarehe 22 alirudi Kabambare akichechemea, akaingia kibandani, wala hakutoka nje mpaka tarehe 10 Oktoba. Siku 80! Kilichomsaidia ni jiwe la kijani liitwalo malakiti, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya wa ndege.

Biblia alikuwa nayo. Muda aliokaa Manyema aliisoma yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mara 4. (Sisi tunaosukumana na ratiba ya kuisoma mara moja kwa mwaka tulitafakari hilo.) Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa maji ya mmea.

Tusifiche jambo moja. Aliyemhifadhi siku hizo, Mohamad Bogharib, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Livingstone aliichukia biashara ile kwa moyo wake wote, na bado alikula chakula cha mwenyeji huyo na kuitegemea misafara yake. Wako wanaomlaumu. Mimi siwezi kumlaumu sana, maana mgonjwa asiyeweza kusimama hachagui mkono wa kumlisha. Lakini sidhani kwamba chakula kile kilishuka kwa raha.

Miguu ilipona, ila kifungo hakikuisha. Februari 1871 walifika watu 10 waliotumwa kutoka pwani kumsaidia, nao wakagoma kuendelea mbele. Alipofika Nyangwe, kando ya Lualaba, alisubiri mtumbwi karibu miezi minne, na wafanyabiashara hawakumpa. Kwa kukosa la kufanya, alikwenda mara kwa mara sokoni kuwatazama akina mama wakiuziana samaki na kuku.

Hivyo alikuwepo Julai 15, 1871, watu wa wafanyabiashara hao walipoufyatulia risasi umati wa sokoni. Kwa hesabu ya wafanyabiashara wenyewe walikufa kati ya watu 330 na 400, wengi wakizama mtoni. Kama angepata mtumbwi wake mapema, asingeyaona hayo, wala asingeyaandika.

Aligeuka nyuma. Lualaba hakuuvuka, na hata hivyo maji yake huenda Kongo, si Nile. Alifika Ujiji Oktoba akiwa hoi, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Huko ndiko Stanley alikomkuta, na ndiye aliyezipeleka barua zake Uingereza. Habari za Nyangwe ziliwakasirisha watu wengi, na shinikizo juu ya Zanzibar likaongezeka. Juni 5, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa.

Livingstone hakuipata habari hiyo. Alikuwa amefariki mwezi uliotangulia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi na Chuma walikuwa wameanza kuubeba mwili wake kwenda pwani, safari iliyowapitisha Ufipa, kwa majirani zetu.