Charlie Christian: Kijana aliyetaka gitaa lake lisikike

Umenunua gitaa la umeme la mitumba, ukalichomeka, na sauti inayotoka haikufurahishi hata kidogo. Rafiki yako anakwambia ubadilishe pikapu. Hapana, si lile gari la kubebea viazi! Pikapu ya gitaa ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, waya huo hutoa umeme kidogo, nayo amplifaya huukuza ukawa sauti. Ndiyo maana ukiweka nyuzi za nailoni hutasikia kitu.

Sasa, kabla hujatoa pesa mfukoni, hebu kaa nikusimulie kuhusu kijana mmoja. Pikapu aliyoitumia bado inatengenezwa na kuuzwa hadi leo, na wapiga gitaa huiita kwa jina lake, ilhali si yeye aliyeiunda. Anaitwa Charlie Christian.

Alizaliwa Julai 29, 1916 mjini Bonham, jimbo la Texas, Marekani. Angali mdogo, familia yao ilihamia Oklahoma City. Babake alikuwa mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona. We ungefanyaje? Mzee huyo alitoka na wanawe wakazunguka mitaa ya wenye nacho wakipiga muziki ili wapate chochote cha kupeleka nyumbani. Mwanzoni kazi ya Charlie ilikuwa kucheza densi. Alipokuwa na umri wa miaka 12, babake alifariki, naye akarithi vyombo vyake. Shuleni alijulikana kwa kujiundia magitaa kutokana na vijisanduku vya sigara.

Alipokua alikumbana na tatizo moja kubwa. Siku hizo mpiga gitaa katika bendi hakusikika. Mbele yake kulikuwa na tarumbeta na saksafoni, nyuma ngoma. Yeye kazi yake ilikuwa kushikilia mdundo tu, na hata akipiga kitu kitamu, nani angekisikia? Charlie alikuwa na mengi ya kusema, ila sauti ya kuyasema ndiyo hakuwa nayo.

Kisha mwaka wa 1936 kampuni ya Gibson ikatoa gitaa la umeme lililoitwa ES-150. Lilikuwa na pikapu iliyobuniwa na Walter Fuller: kipande kimoja chembamba cha chuma chini ya nyuzi zote sita, koili moja ya waya, na sumaku kubwa zilizofichwa ndani ya gitaa. Ilikuwa nzito kiasi kwamba ilishikiliwa na skrubu tatu zilizopita juu ya ubao. Iliwekwa karibu na shingo ya gitaa, mahali ambapo uzi hutikisika kwa upana zaidi, basi sauti yake ikawa nene na ya duara. Charlie alilipata gitaa hilo akaanza kupiga noti mojamoja, mfululizo mrefu, kama mtu anayepuliza saksafoni.

Habari zake zikamfikia John Hammond, mtu aliyejulikana kwa kusaka vipaji. Agosti 1939 Hammond alimpeleka Los Angeles akutane na Benny Goodman, mpiga klarineti maarufu na mwenye bendi kubwa. Goodman hakuvutiwa. Jioni hiyo, bendi ikiwa mapumzikoni, Hammond akamwingiza Charlie jukwaani bila kumwambia Goodman. Goodman aliporudi, akachagua wimbo ambao pengine alidhani kijana huyo hataumudu. Kumbe! Charlie akajibu, akaulizwa tena, akajibu tena, na wimbo huo mmoja ukachukua kama dakika 40 hivi. Alikuwa na umri wa miaka 23, na usiku huo akapata kazi.

Baada ya kazi ya mshahara, alikuwa akienda Minton's, klabu ya Harlem jijini New York, kupiga na akina Thelonious Monk hadi usiku wa manane. Pale ndipo mtindo wa bibopu ulipokuwa ukichipuka. Machi 1941 alirekodi Solo Flight na bendi nzima ya Goodman, gitaa likiwa mbele ya vyombo vingine vyote.

Lakini kifua kikuu kilikuwa kimemwingia. Mwaka huo huo alilazwa katika hospitali ya Seaview, kisiwani Staten, na Machi 2, 1942 akafariki akiwa na umri wa miaka 25 tu. Dawa ya streptomaisini, ya kwanza kuushinda ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka uliofuata. Muda wake na bendi ya Goodman haukufika hata miaka miwili, lakini kila mpiga gitaa anayesimama mbele leo amepita njia aliyoifungua.

Sasa turudi kwa gitaa lako. Charlie alijua anachokosa: sauti nene ya kushindana na saksafoni. We unakosa nini? Kama sauti ni kali mno, tazama ile pikapu ya karibu na shingo. Kama inavuma hata usipogusa nyuzi, kagua nyaya kwanza, kisha fikiria pikapu ya koili mbili, kama ile aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka wa 1955 ili kuua mvumo huo. Kumbuka koili ikizungushwa mara nyingi zaidi, nguvu huongezeka lakini ung'avu hupungua. Pima pia nafasi iliyopo. Pikapu ya Charlie ya asili itakulazimu kukata ubao, ingawa siku hizi zipo zilizopunguzwa ukubwa.

Na kabla ya yote hayo, badilisha nyuzi zilizozeeka, kisha chukua bisibisi uinue au ushushe pikapu uliyo nayo, kidogo kidogo, huku ukisikiliza. Hilo halikugharimu kitu. Ukimaliza, tafuta Solo Flight uisikilize mara mbili. Halafu ndio uamue kama pesa zako ziende kwa pikapu mpya, ama kwa mwalimu.