Bertha Benz na Breki ya Ngozi

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba msuguano ni nguvu inayopinga mwendo wa kitu kinachoteleza juu ya kingine. Sasa utasoma habari za mwanamke mmoja ambaye siku moja usalama wake, pamoja na wa wanawe wawili, ulitegemea nguvu hiyo. Jina lake ni Bertha Benz.

Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei, 1849, katika mji wa Pforzheim, ulioko katika nchi iitwayo leo Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi seremala na mjenzi. Siku hizo vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake, lakini hayo hayakumzuia Bertha kujifunza jinsi mashine zinavyofanya kazi.

Mwaka 1872 Bertha aliolewa na mhandisi Carl Benz. Hata kabla ya arusi, karakana ya Carl ilikuwa karibu kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Bertha alitoa sehemu ya fedha alizopewa na wazazi wake kwa ajili ya ndoa, nayo karakana ikaokoka. Tarehe 29 Januari, 1886, Carl aliomba hati ya uvumbuzi wa gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini ya petroli. Hata hivyo, wanunuzi walikuwa wachache. Watu hawakuamini kwamba chombo hicho kingeweza kusafiri mbali.

Bertha aliazimia kuwaonyesha. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, 1888, aliondoka Mannheim kwa gari hilo bila kumwarifu mumewe. Alifuatana na wanawe, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13. Walikuwa wakienda Pforzheim kwa mama yake Bertha, mwendo wa kilomita 100 na zaidi. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amesafiri mbali hivyo kwa gari la namna hiyo.

Njiani walipata taabu nyingi. Hapakuwa na vituo vya mafuta, kwa hiyo katika mji wa Wiesloch walinunua mafuta katika duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipokosa kinga, aliufunika kwa ukanda wa kushikia soksi. Palipokuwa na mlima mkali, injini ilishindwa, nao wakalazimika kulisukuma gari.

Lakini kupanda si hatari kama kuteremka. Breki ya gari hilo ilikuwa na mkono wa kuvutwa na dereva. Dereva alipouvuta, vipande vya mbao vilikandamiza magurudumu ya nyuma. Msuguano kati ya mbao na magurudumu ulipunguza mwendo. Kila walipoteremka mlima, mbao hizo zilizidi kulika, na breki ikazidi kulegea.

Wewe ungefanya nini? Fikiri kwa utaratibu. Nguvu ya msuguano hutegemea mambo mawili makubwa: nguvu inayokandamiza nyuso mbili, na namna nyuso zenyewe zilivyo. Bertha hakuweza kuongeza sana nguvu ya kukandamiza, kwa maana mkono wa binadamu una kikomo. Kufunga breki nyingine kubwa kusingewezekana: gari lilikuwa dogo, na safari ilikuwa bado haijaisha. Jambo moja tu lililobaki lilikuwa kubadili uso wa mbao.

Basi Bertha alimwendea fundi viatu, akamwomba apigilie ngozi juu ya vile vipande vya mbao. Ngozi ilishika magurudumu vizuri kuliko mbao tupu. Tena, ilipolika, mbao zilibaki salama, na ngozi nyingine iliweza kupigiliwa mahali pake. Jioni walifika Pforzheim, na Bertha akampelekea Carl habari kwa simu ya maandishi.

Baada ya siku chache walirudi Mannheim kwa gari lile lile. Bertha alimweleza mumewe mambo yote yaliyoharibika njiani. Alimshauri pia aongeze gia ya kupandia milima, naye Carl akafanya hivyo. Safari ile haikuwa matembezi tu. Ilikuwa majaribio ya kweli ya gari.

Carl alifariki mwaka 1929. Bertha alifariki tarehe 5 Mei, 1944, katika mji wa Ladenburg, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95.

Wahandisi wa leo bado hukutana na swali lile lile. Nafasi ndani ya gurudumu ni ndogo, lakini breki lazima isimamishe gari zito. Katika magari mengi, sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili huibana kwa pande zote mbili. Pedi hizo, kama ile ngozi, hulika badala ya chuma, kisha hubadilishwa. Tena, msuguano huleta joto, kwa hiyo sahani huachwa wazi ili hewa iipoze.

Jaribio

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako. Geuza baiskeli, magurudumu yatazame juu. Zungusha gurudumu la mbele, kisha kandamiza mpira wake kwa kipande cha mbao. Hesabu mizunguko mpaka gurudumu lisimame. Rudia kwa kipande hicho hicho kilichofungwa ngozi. Zungusha na kukandamiza kwa nguvu ile ile mara zote mbili, na uangalie vidole visiingie kwenye spoki.

Maswali

1. Kwa nini breki ya mbao ililegea wakati wa kuteremka?
2. Taja faida mbili za ngozi iliyopigiliwa juu ya mbao.
3. Katika jaribio lako, kwa nini ni lazima ukandamize kwa nguvu ile ile mara zote mbili?