Sheikh Farsy na Kiti cha Kadhi

Wewe kijana wa Bodo, mkishindwana nyumbani kuhusu mirathi ya babu, mnaweza kwenda kwa kadhi. Usidhani haki hiyo ilianguka tu kama dafu. Mjue Sheikh Abdullah Saleh Farsy.

Alizaliwa Zanzibar 1912, akawa mwalimu. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964 akahamia Kenya, na 1968 akawa Kadhi Mkuu. Hebu fikiria: Mwislamu, mgeni, kwenye nchi ya Wakristo wengi, anapewa kiti cha serikali! Kiti chenyewe kilikuwa ndani ya katiba. 1963, ukanda wetu wa Pwani, uliokuwa wa Sultani, ulipoingizwa Kenya, Kenyatta aliiahidi Zanzibar kwamba makadhi watabaki.

1969 akatoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili. Alifariki Oman 1982.

2010 makanisa mengi yalitaka mahakama za kadhi ziondolewe kwenye katiba mpya. Zikabaki, Kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi, ilimradi pande zote ni Waislamu na zimekubali. Asiyekubali halazimishwi.

Kwa hivyo dada yako akinyimwa fungu lake, usimwambie anyamaze. Mpeleke.