Fundikira Yule wa Kwanza

Kwetu Kasoli, kama ilivyo sehemu nyingi za Usukuma, mjukuu hurithi jina la babu, na si ajabu ukoo mmoja kuwa na watu wawili watatu wa jina moja. Desturi hiyo ni njema, ila mwenye jina wa karibuni humfunika wa zamani. Ndivyo ilivyotokea kwa jina la Fundikira. Litajwapo, wengi, na hasa ndugu zetu wa Visiwani, humkumbuka Chifu Abdallah Said Fundikira, Waziri wa Sheria wa Tanganyika iliyopata uhuru mwaka 1961, aliyefariki mwaka 2007. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliyemtangulia kwa zaidi ya karne, husahauliwa, ilhali habari zake zawahusu Wazanzibari na watumishi wa Serikali pia.

Huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mtemi, lakini alibeba mizigo. Vijana wa Unyamwezi enzi zile waliihesabu safari ya pwani kuwa kipimo cha utu uzima. Naye alikuwa msafarani, pagazi miongoni mwa wapagazi, habari ya kifo cha baba yake ilipomfikia njiani. Akautua mzigo papo hapo ili arudi kutawala. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh mwaka 1857, amesimulia kuwa wenzake hawakumwacha aende hivi hivi. Nusu kwa mzaha, nusu kwa kweli, walimsuta kuwa huyo mwenzao wa jana hatakawia kuwatoza faini, kuwachapa, hata kuwatoa roho.

Je, walikosea? Katika zama zake wafanyabiashara kutoka Unguja walifanya makazi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo mwaka 1852. Biashara yao ilikuwa ya pembe na ya watu, hilo halifichiki. Binti yake, Karunde, aliolewa na Muhammed bin Juma, baba wa Tippu Tip. Kwa hiyo Mzanzibari amsifuye au amlaaniye Tippu Tip na ajue kuwa mama yake wa kambo alikuwa Mnyamwezi.

Lakini mtemi alipougua, waganga walipiga ramli, na watu wake, wake kwa waume, wakauawa kwa kisingizio cha uchawi. Hapo wale wapagazi walikuwa wamesema kweli. Na sisi wa kanda hii, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni tu, hatuna haki ya kuisoma habari hiyo kana kwamba ni ngano ya kale. Mtendaji wa kata apokeaye tetesi za namna hiyo na kunyamaza naye yumo.

Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, aliwatoza kodi wafanyabiashara wale. Nao mwaka 1860 wakamfukuza na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sere alipigana nao akitangatanga hadi alipouawa mwaka 1865.