MZEE EULER NA NAMBA 2,147,483,647

Msimu wa ufuta na korosho kila mtu anapiga hesabu zake, basi leo tumkumbuke mzee aliyeibana namba moja mpaka ikasalimu amri, naye akiwa kipofu.

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Baba mchungaji alitaka kijana amfuate, ila mwalimu Johann Bernoulli akaona kichwa hiki ni cha hesabu. Mwaka 1727 akaenda kufanya kazi St Petersburg, Urusi. Marehemu Fermat aliamini 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Mwaka 1732 Euler, miaka 25 tu, akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Kwisha kazi!

Mwaka 1738 jicho la kulia likaharibika. Berlin alikaa 1741 hadi 1766 (mfalme wa huko alimdhihaki kwa jicho hilo, aibu yake). Akarudi Urusi, la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 nyumba ikaungua, akaokolewa na fundi mmoja wa kwao Basel. Mwaka huohuo akapasuliwa jicho, akaona kwa muda mfupi, kisha giza.

Sasa sikia. Mwaka 1772, ndani ya giza hilo, akatangaza kwa barua kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Namba hiyo ni 2 zipatazo 31 zikizidishwa zote, kisha unatoa 1. Kujaribu kila namba hadi kipeuo chake cha pili, 46,340, ni kujitesa. Mzee akaonyesha kuwa kigawo chake chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibaki 1 au 63. Zikabaki kama 370 tu za kujaribu, na zote ziligoma. Ikakaa zaidi ya miaka 70 ikiwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Tena ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata namba timilifu ya nane. Timilifu ni kama 28: vigawo vyake 1, 2, 4, 7 na 14 ukivijumlisha unarudi 28. Euclid ndiye aliyeonyesha njia hiyo, Euler akathibitisha kuwa timilifu zote za shufwa hutoka humo. Timilifu ya witiri hajaipata mtu mpaka leo.

Alifariki 18 Septemba 1783, siku hiyohiyo akiwa amezungumzia njia ya sayari mpya ya Uranus.

Namba yake bado ipo kazini. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 na haziwezi kuipita. Zitaifikia 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu, na zisizorekebishwa zitadhani ni mwaka 1901.

Wanafunzi wa Nambilanje, kazi kwenu: 2,047 na 8,191, moja ni tasa na moja siyo. Ipi? Wekeni na njia, msitupe jibu tupu.