Papa Oberlin: Mchungaji Aliyewalea Watoto kwa Neno na Mchezo



Nabii Zekaria alipotabiri jinsi Bwana atakavyoirudisha Yerusalemu, alitaja wazee walioketi njiani na mikongojo yao. Halafu katika mlango wa 8, mstari wa 5, akataja wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji. Ukisoma haraka unaupita mstari huo. Lakini tazama vizuri: Mungu anaeleza mji aliorudi kukaa ndani yake, na dalili mojawapo ni kwamba watoto wanacheza.

Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, darasa la watoto wa chini ya miaka 6. Swali ninaloulizwa sana na wazazi baada ya ibada ni hili: hawa watoto wanakuja kusoma Neno au wanakuja kucheza? Swali si baya. Mzazi ameamka alfajiri, amewaogesha watoto watatu, amelipa matatu kuja na kurudi, halafu anasikia kelele na vicheko kutoka kile chumba cha mabati. Ana haki ya kuuliza. Leo nitalijibu kwa kusimulia maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita. Jina lake ni Jean-Frédéric Oberlin.

Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, ulio Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu, mshahara wenyewe mdogo na watoto wengi. Inasimuliwa kwamba baba huyo alikuwa akiwapeleka wanawe nje ya mji siku ya mapumziko, anajifunga ngoma, na kuwapiga gwaride kama askari wadogo, yeye mwenyewe akiwa kamanda. Jioni mama aliwakusanya kwa nyimbo za kumsifu Mungu. Kwa hivyo kijana Oberlin alikulia katika nyumba ambayo mchezo na maombi havikugombana.

Inasimuliwa pia kwamba kila mtoto alipewa visenti kila wiki, na Oberlin aliviweka katika kisanduku. Siku moja sokoni aliona wahuni wakimwangushia mama maskini kikapu cha mayai, yote yakavunjika. Mtoto huyo akakimbia nyumbani, akarudi na kisanduku chake, akampa yule mama pesa zote. Ndio moyo aliokuwa nao kabla hajajua hata maana ya neno theolojia.

Baada ya masomo alikuwa karibu kuingia jeshini kama kasisi wa askari. Hapo ndipo mchungaji mmoja, Stuber, alipokuja kumtafuta. Stuber alimkuta katika chumba kidogo juu kabisa ya nyumba, amelala na maumivu ya jino, kitanda kimezungushiwa mapazia ya karatasi, na kijisufuria kimening'inia juu ya taa ndicho kinampikia chakula. Stuber akafurahi. Alikuwa akitafuta mtu aliyezoea shida, manake mahali alipotaka kumpeleka palihitaji mtu wa namna hiyo.

Mahali penyewe paliitwa Ban de la Roche, milimani Vosges. Vijiji vitano vikuu, baridi kali, udongo mbovu, na barabara hakuna. Stuber mwenyewe alipofika huko mara ya kwanza aliomba aonyeshwe shule. Akapelekwa kwenye kibanda ambamo watoto walikuwa wanapiga makelele, na pembeni mzee amelala kitandani. Stuber akamuuliza anafundisha nini. Mzee akajibu kwa uaminifu kwamba hafundishi kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kitu. Ikawaje akawa mwalimu? Akaeleza kwamba alikuwa mchunga nguruwe wa kijiji, na alipozeeka akashindwa na nguruwe, wakampa watoto awachunge.

Wapendwa, mnaweza kucheka, lakini ngojeni kidogo. Katika makanisa mengi yetu, watoto wadogo hupewa nani? Kwa kawaida ni yule aliyekosa nafasi kwenye kwaya, au msichana wa kidato cha pili ambaye hakuna aliyemfunza kazi hiyo. Tukishampa mtu watoto kwa sababu hana kazi nyingine, tumefanya kama kile kijiji.

Oberlin aliwasili Waldersbach mwaka wa 1767, akiwa na miaka 26. Alianza na barabara. Wanakijiji walipomwambia haiwezekani, alibeba sururu begani akatangulia mwenyewe, na wao wakafuata. Barabara ikatoka, na daraja likajengwa. Si wote waliompenda. Kuna kundi lililopanga kumvizia na kumpiga. Jumapili hiyo akahubiri juu ya mkristo anavyovumilia ubaya, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba walimokutana, akajitoa mbele yao wamfanyie walilotaka ili wasijitie katika dhambi ya kuvizia. Hakuna aliyeinua mkono. Wakapeana mikono.

Sasa tufike kwa watoto. Wazazi wa milimani walikuwa shambani au wakisokota pamba tangu asubuhi mpaka usiku. Wadogo, wale ambao hawajafika umri wa shule, walibaki wakizurura. Katika kijiji cha Belmont, msichana aitwaye Sara Banzet alikuwa ameanza kuwakusanya watoto nyumbani kwao na kuwafundisha kufuma kwa sindano na uzi. Oberlin alipopata habari, hakumwambia aache mpaka kamati iketi. Aliona mkono wa Mungu, na mwaka wa 1769 akamwajiri rasmi. Sara alikufa mwaka wa 1774, angali kijana, lakini kazi ilishashika. Wasichana na akina mama wengine wakafunzwa na kupewa vyumba vijijini.

Hebu niwaeleze ndani ya vyumba hivyo kulikuwa na nini. Watoto waliketi kwa duara wakimzunguka mwalimu wao. Wakubwa walifuma, wadogo walicheza. Mwalimu alionyesha picha, nyingine za hadithi za Biblia, nyingine za wanyama na mimea, akasimulia, halafu watoto nao wakasimulia. Waliimba. Walipaka rangi ramani ndogo, wakianza na kijiji chao kabla ya kwenda mbali. Hali ya hewa ikiruhusu walitoka nje kuchuma mimea na kujifunza majina yake, na kuambiwa ni Mungu aliyeiumba. Na katikati ya hayo yote walifundishwa kuomba, na kwamba uongo, matusi na uvivu vinamhuzunisha Mungu anayewaona.

Hii ilikuwa karibu miaka 70 kabla ya Mjerumani Friedrich Fröbel kuanzisha shule yake mashuhuri ya chekechea. Kwa hivyo mzazi mwenzangu, unapompeleka mtoto wako PP1, kumbuka kwamba mmoja wa watu waliotangulia kuifungua njia hiyo alikuwa mchungaji wa kanisa la mashambani, pamoja na wasichana wa kijijini ambao hawakuwa na cheti chochote.

Mmoja wao lazima nimtaje. Louise Scheppler, mzaliwa wa kijiji cha Bellefosse, aliingia nyumbani kwa mchungaji kama msaidizi akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Alitembea kijiji hadi kijiji kwenye theluji kuwafundisha watoto. Mwaka wa 1783 mke wa Oberlin, Madeleine-Salomé, alifariki na kuacha watoto saba. Louise akashika nyumba, na akaomba asilipwe tena mshahara, ahesabiwe kama mtoto wa nyumba hiyo. Mwaka wa 1829 alipewa tuzo ya heshima huko Paris, faranga 5,000, na pesa hizo akazitumia kwa kazi ile ile. Nikisikia mtu akisema kufundisha watoto wadogo ni kazi ya wasio na karama, namfikiria Louise na viatu vyake kwenye theluji.

Kwa nini mchezo, na si mistari peke yake? Nitajibu kwa jambo nililoliona. Darasani kwangu watoto walikuwa wamekariri Zaburi ya 23 yote, bila kukosea. Lakini hawa ni watoto wa mtaani. Kondoo wanaowajua ni wale wanaokula takataka kando ya barabara. Tukafanya mchezo. Mmoja akawa mchungaji na fimbo yake, wengine kondoo, na mmoja akajificha awe yule aliyepotea wa Luka 15. Msichana wa miaka 5 alijificha nyuma ya spika ya zamani. Mchungaji alipochelewa, wenzake walimwita atoke, mchezo umekwisha. Akakataa katakata. Alisema kondoo hajitoi, anatafutwa. Basi ikabidi yule mvulana aende, amshike mkono, amlete, na darasa zima likashangilia.

Baadaye, wenzake wakiwa wanakunywa uji, alikuja akaniuliza polepole kama huyo mchungaji huwatafuta pia watu wazima. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi amwambie amtafute baba yake, ambaye aliondoka nyumbani. Tukaomba pamoja pale pale, mimi na yeye. Zaburi aliijua tangu mwezi uliotangulia. Lakini siku hiyo ndiyo alijua inamhusu.

Tusielewane vibaya. Mchezo usio na Neno ni kupitisha wakati tu, na Oberlin asingekubali hilo. Alilipenda Neno mno. Chama cha Biblia kilipoanzishwa London mwaka wa 1804, Oberlin alikuwa kati ya watu wa kwanza wa nchi za nje kushirikiana nacho. Ni chama hicho hicho ambacho baadaye kilishiriki kuchapisha Biblia ya Kiswahili ya 1952, hii tunayobeba kwapani kila Jumapili. Oberlin alitaka Neno liwe mkononi, mguuni na mdomoni mwa mtoto kwa wakati mmoja. Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza tuwafundishe watoto tukiketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiondoka. Hakuna mtoto anayetembea njiani bila kucheza.

Na aliwafundisha imani yenye matendo. Kijana aliyetaka kipaimara alitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba amepanda miti miwili. Yeye mwenyewe aliacha kutumia sukari na kahawa, kwa sababu vililimwa na watumwa, watu wa Afrika waliopelekwa visiwani kwa minyororo. Mtu wa milimani Ulaya, ambaye hakuwahi kufika kwetu, alikunywa kinywaji kichungu kwa ajili ya babu zetu.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipofunga makanisa, hakuacha kuwakutanisha watu wake. Mwaka wa 1794 alikamatwa, akaachiliwa muda mfupi baadaye. Aliendelea vijijini humo humo mpaka alipofariki tarehe 1 Juni 1826, akiwa na miaka 85. Miaka 59 katika parokia moja! Alizikwa Fouday, na watu walikwisha kumpa jina ambalo limeandikwa kwenye kaburi lake: Papa Oberlin, yaani Baba Oberlin. Mwaka wa 1833 Wakristo wa Marekani walianzisha mji na chuo huko Ohio wakaviita kwa jina lake. Chuo hicho kilipokea wanafunzi weusi wakati vingi viliwafungia mlango, na mkuu wake mmojawapo alikuwa Charles Finney, mhubiri wa uamsho ambaye wengi wetu tumesikia habari zake kwenye makesha.

Sasa nirudishe swali kwetu. Marko 10 inatuambia kwamba wanafunzi waliwakemea walioleta watoto, na Yesu akachukizwa. Alichukizwa na watu wake wa karibu, watu wa huduma. Kisha akawakumbatia watoto na kuwabariki.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mzazi, wiki hii chagua mstari mmoja na uufanye na mtoto wako kwa mikono. Kama ni Mathayo 13, pandeni mbegu za maharagwe kwenye mkebe. Kama ni Yohana 13, mwoshe miguu naye akuoshe. Akitaka kuruka kamba huku akiutaja mstari, mwache aruke, na wewe mshikie kamba. Pili, vijana wa kanisa, tunahitaji akina Sara na Louise. Darasa letu lina watoto 40 na walimu wawili. Tatu, wazee wa kanisa, tunapopanga bajeti ya vyombo vya muziki, tukumbuke pia kalamu za rangi, karatasi na mkeka.

Mtoto wa miaka 5 leo, baada ya miaka 10 atakuwa kijana anayeamua kama atabaki nyumbani mwa Bwana au ataenda zake. Wengi wetu tuna vijana walioondoka, na tunawalilia kwenye maombi ya usiku. Tuendelee kuwalilia. Lakini wale wadogo wako hapa sasa, nyuma ya ukuta huu wa mabati, na wanatungoja. Jumapili ijayo ukisikia kelele zao, usifunge dirisha. Ingia, keti kwenye mkeka, na uulize wewe ni kondoo wa ngapi.

Bwana awabariki, na awabariki watoto wetu. Amina.